Kikombe cha Diwani

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia bado, ila mtaniamkia tu, kwa hiyo nimeitikia mapema tuanze kazi. Mwalimu wenu wa chuo cha mifugo alinipigia simu akaniomba niwaandikie mambo ya kazi. "Kitu cha kuwatia moyo vijana, Mzee." Nikamwambia sawa. Sasa nimekaa barazani kwangu hapa Lipangalala, Ifakara, na kalamu mkononi, nakitafuta hicho cha kuwatia moyo, na sijakiona.

Nimekuwa bwana mifugo katika bonde hili tangu nikiwa na nywele kichwani. Nimeogesha ng'ombe, nimehasi madume, nimepiga mihuri nyama pale Kiberege, nimewatia kuku matone ya chanjo ya kideri machoni kule Namawala nyumba hadi nyumba. Mkiniuliza niliponya wanyama wangapi, nitawaambia ukweli: wengi walipona wenyewe, na waliokufa walifia mikononi mwangu. Hiyo ndiyo kazi mnayoisomea. Lakini nisiwamalize nguvu zote kwa pigo moja. Niwasimulie habari ya paka.

Chekeni tu. Bonde limejaa ng'ombe, mzee anataka kusimulia paka. Hata sisi zamani hatukuwatibu paka. Paka alikuwa wa kukamata panya kwenye mpunga, akiugua anajificha, akifa watoto wanamzika kwenye migomba. Sindano pekee ya paka niliyoijua ilikuwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na makovu yake ninayo mkono wa kushoto hadi leo. Lakini siku hizi watu wanawapenda wanyama wao waziwazi, hawaoni aibu, na nyie mtaitwa. Kwa hiyo sikilizeni.

Aliyeniita mimi ni Mwalimu Editha, mstaafu mwenzangu, amefundisha darasa la kwanza mpaka sauti ikakauka. Majina ya watu nimeyabadilisha. Ni paka tu niliyemwachia jina lake, haliwezi kumdhuru tena. Mume wa Mwalimu, Mzee Benedikti, alikuwa amepigwa kiharusi. Upande mmoja ulikufa na maneno yakaondoka. Alibaki na mkono wa kushoto, na mkono ule ulikuwa na kazi moja tu, kumpapasa paka. Ukimwondoa paka pale kitandani, mzee anaanza kuguna na machozi yanamtoka. Ukimrudisha, ananyamaza.

Paka mwenyewe alikuwa dume la rangi ya majivu, tumbo linaburuza chini. Aliitwa Diwani kwa sababu kila asubuhi alizunguka mtaa mzima kusalimia wananchi, na kila alikoingia alikula.

"Bwana Mifugo," Mwalimu aliniambia, "Diwani anamaliza maji ya bakuli, nikijaza anamaliza tena. Anakula vizuri, ila mgongo unatoka mifupa. Na miguu ya nyuma ameanza kukanyagia visigino. Niambie kweli, anakufa?"

Mimi nilifundishwa kazi na mzee mmoja wa Kiberege, Mzee Ngulo, mkali kupita kiasi. Nikikimbilia kumpanua mnyama mdomo kabla ya kuangalia mengine, napigwa kofi la kisogoni mbele ya mwenye ng'ombe. Alikuwa akisema, "Nenda kwanza kaangalie anapokunywa na anapokojoa, huyo mdomo hautakimbia." Basi sikumgusa Diwani. Niliuliza anakojoa wapi. Nikaonyeshwa mchanga nyuma ya jiko, na juu ya ule mchanga wenye unyevu sisimizi wamejaa. Mnaijua harufu ya mkojo wa paka dume. Mdudu gani atausogelea bila sababu?

"Mwalimu, huyu ana sukari."

"Sukari ya watu?"

"Hiyo hiyo."

"Kaitoa wapi?"

"Kwenye wali wako, na wali wa Mama Zena, na wali wa kila nyumba ya mtaa huu."

Alikaa kwenye kigoda, akasema maneno ambayo sijayasahau. "Paka huyu akifa, mzee ataondoka naye. Nitabaki na nani humu ndani?"

Sasa hapo ndipo penye kazi. Ugonjwa nilikuwa nimeutambua, kuutibu nilikuwa siwezi. Nikampigia daktari wa wanyama mmoja, binti mdogo yuko Morogoro mjini. Aliwahi kuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo, nikamchosha kwa kumbebesha ndoo za maji ya josho. Hakunilipizia kisasi. Alikuja mwenyewe mara ya kwanza, akampima Diwani, akapanga dawa, halafu tukaendelea kwa simu. Yote ninayowaambia hapa ni yake, mimi nimeongeza manung'uniko tu. Na kipimo cha dawa sikitaji, msije mkanakili. Kila paka ana chake na anakipanga daktari.

Kwanza, damu. Unatumia kile kimashine cha kupimia sukari ya watu, unamtoboa ukingoni mwa sikio. Sikio likiwa baridi damu haitoki, kwa hiyo unalikanda kwanza kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, unapaka mafuta ya mgando kidogo, tone linasimama lenyewe. Mpime nyumbani kwake, kwenye kitanda alichokizoea. Paka aliyebebwa kwenye kikapu mpaka ofisini kwenu, akasikia mbwa na pikipiki, sukari yake itapanda kwa hofu, na nyie mtaandika dawa ya hofu.

Pili, dawa. Ni insulini, inakaa kwenye ubaridi, na umeme wetu mnaujua. Mwalimu aliihifadhi kwenye chungu kidogo kilichofukiwa kwenye mchanga uliolowa, chini ya meza, pasipofika jua. Nilimsisitiza sana jambo hilo, kwa maana niliwahi kuona kijiji kizima kikichanjwa kuku kwa dawa iliyokuwa imeshaharibiwa na jua ndani ya chupa ya chai. Tulichanja, tukapewa mpunga na asante nyingi, na kuku wote wakafa na kideri. Kichupa cha insulini usikitikise, kibingirishe taratibu viganjani. Unashika ngozi ya ubavuni, unainua, sindano inaingia chini yake. Paka hata hageuki kama yuko kwenye chakula. Na ni lazima awe kwenye chakula. Hajala, huchomi.

Tatu, mwili. Diwani alitakiwa apungue tumbo, lakini polepole. Paka mnene ukimnyima chakula ghafla ini lake linajaa mafuta, unamuua kwa nidhamu. Tulimpima kwenye mashine ya kukoboa mpunga, tukamning'iniza na kikapu kwenye mizani huku mwenye mashine akiuliza kama tumemleta kumkoboa. Chakula chake kikawa perege wa kuchemsha, utumbo wa kuku, kambale akipatikana. Wali marufuku.

Hapo ndipo nilipokaribia kukata tamaa kabisa. Jaribuni nyie kumwambia mtu wa Ifakara asimpe kiumbe wali. Majirani walimwona Mwalimu amekuwa mchoyo. Mama Zena, jirani wa ng'ambo ya ua, mwanamke mwema kuliko wote mtaani, aliniuliza usoni, "Mzee wangu, wewe ungekula samaki mtupu hivyo hivyo bila kitu?" Nikaeleza, akaitikia vizuri, na kesho yake Diwani akarudi kwao na punje za wali kwenye masharubu. Nilizunguka nyumba zote nikihubiri. Hakuna aliyesikia. Mwishowe yule daktari akasema mfungeni kitambaa shingoni, watu wajue ni mgonjwa. Mwalimu akamfunga kitambaa chekundu. Basi mtaa ukaamua kwamba paka yule ametengenezwa kwa mganga na ana kazi aliyotumwa. Milango ikafungwa. Kwa muda wa kutosha hakuna aliyempa hata ukoko. Elimu yangu yote ya chuo ilishindwa na kitambaa kile.

Tulipomweleza Mama Zena kwamba hakuna uchawi, alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akawa upande wetu. Akataka afundishwe sindano. Alifundishwa pia Skola, binti fundi cherehani aliyepanga chumba cha nyuma kwa Mwalimu. Wote wawili walikuwa na mikono mizuri. Na msaada ulihitajika, maana Mwalimu alikuwa peke yake na mgonjwa wa kugeuzwa kitandani, kuna asubuhi alikuwa hawezi hata kusimama.

Watu watatu kwa sindano moja, hapo lazima kuwe na alama. Wazo la alama alilitoa Mwalimu mwenyewe, akili za darasa la kwanza. Kwenye rafu ya jikoni kulikuwa na kikombe cha bati, cheupe, kimebanduka rangi kwenye mkono. Ukishamchoma Diwani asubuhi, unakifunika kifudifudi. Ukimchoma jioni, unakiinua. Asubuhi ukikuta kimesimama, bado hajachomwa. Ukikuta kimefunikwa, geuka urudi kwako. Hakuna haja ya kuulizana wala kumwamsha mtu. Daktari alipoambiwa alifurahi, akaongeza sharti moja: ukiwa na shaka yoyote, usichome. Akikosa sindano moja sukari itapanda na itashushwa kesho. Akichomwa mara mbili atakufa. Wote waliitikia.

Na ilifanya kazi, wanangu. Nalisema hili bila furaha lakini ni kweli. Diwani aliacha kumaliza maji. Sisimizi wakapotea kwenye mchanga. Tumbo likanyanyuka, mgongo ukajaa, na siku moja nikamkuta amepanda dirishani kwa miguu yake. Mwalimu alinionyesha kama anayeonyesha mtoto aliyefaulu mtihani. Ndani, Mzee Benedikti alikuwa amelala na ule mkono wa kushoto ukingoni mwa kitanda, unasubiri. Diwani akaruka, akakaa chini yake. Nilitoka nje nikajifanya naangalia migomba.

Mzee Benedikti alifariki alfajiri moja ya masika. Yeye ndiye aliyetangulia, wala si paka kama tulivyokuwa tunaogopa.

Mnajua msiba wa kwetu unavyoingia nyumbani. Kabla jua halijachomoza vizuri nyumba imeshachukuliwa. Viti na makabati nje, mikeka na magodoro chini, turubai linafungwa, kina mama wamewasha moto uani. Mfiwa anakalishwa kwenye godoro, anafunikwa kanga, hagusi kitu. Hafagii wala hapiki, na haulizwi chumvi iko wapi. Ukimuuliza mfiwa jambo la jikoni, umekosa adabu, unaona tu kinachotakiwa na unakifanya. Ni desturi nzuri. Nilipofiwa na mke wangu ilinibeba, nisingesimama bila hiyo. Sina neno baya juu yake.

Mimi nilikuwa na wanaume upande wa turubai, halafu nikaenda makaburini. Sufuria za chai ziliiva mapema, wakaja watu wa mtaa, wa kanisani, wa shambani, na vikombe havikutosha. Vikakusanywa vyote, vya Mwalimu na vya majirani. Na kile cha bati.

Tuliporudi kuzika, Skola alinivuta shati. "Mzee, njoo umwone Diwani." Alikuwa kwenye chumba cha mpunga, nyuma ya magunia, alikokimbilia watu walipojaa. Bakuli lake la samaki lilikuwa limeachwa na kipande kikubwa, alionja tu akakimbia kelele. Alikuwa anatetemeka, shingo imepinda, mate yanamtoka. Nilijua nilipomwona kwamba sukari imeshuka kupita kiasi. Nikamwambia Skola alete sukari, na sukari siku hiyo ilikuwa nyingi kuliko siku yoyote, maana ni msiba. Nikaikoroga kwa maji kidogo, nikampaka kwenye fizi kwa kidole, nikapaka tena, nikamkumbatia apate joto. Hivyo ndivyo inavyofanywa, na mkiwahi anaamka. Tulikuwa tumechelewa. Huko sebuleni kina mama walikuwa wameanza wimbo wa maombolezo, naye akanyooka mapajani mwangu kabla haujaisha.

Skola alikuwa analia. "Asubuhi sikukiona kikombe," alisema. "Nikaona bakuli limeguswa, nikajua amekula. Nikasema Mwalimu atakumbukaje sindano leo, ngoja nimsaidie. Nikamchoma."

"Hukuuliza?"

"Mzee, ningemuulizaje mtu aliyefiwa habari ya paka?"

Nilimfunika Diwani kwa gunia tupu.

Jioni hiyo hiyo, Mama Zena alinijia pale kwenye turubai, akakaa pembeni yangu, kanga mabegani. Alikuwa amesikia Diwani amekufa. "Masikini," alisema. "Na mimi nilijitahidi. Niliporudi na ndoo za maji ya chai ya pili asubuhi, nikaona kikombe hakipo, nikajua na paka atasahauliwa. Nikamwekea samaki, nikamchoma, nikaenda kubandika chai. Nilitaka Mwalimu akiinuka akute angalau hilo limefanyika."

Nilimwambia alifanya vizuri. Ningemwambia nini kingine? Skola naye nilimwambia hivyo hivyo. Kila mmoja anajua ni yeye tu aliyechoma. Kila mmoja anaamini paka alikufa kwa majonzi, na mtaa mzima unaamini hivyo, wanasema amemfuata mzee wake. Ni maneno mazuri, nimeyaacha yakae.

Sasa, wanafunzi, andikeni haya kabla sijachoka. Alama ya dawa isiwe kitu kinachoweza kuazimwa. Isiwe kikombe, sahani, ndoo wala kigoda, maana msiba utakuja na utakichukua. Chora mkaa ukutani, hakuna atakayeuchukua ukuta. Na alama ikipotea, hiyo ni shaka, na shaka maana yake huchomi. Na ulizeni. Hata msibani, ulizeni. Mkionekana hamna adabu, muonekane. Ninyi ni vijana, mtasamehewa.

Nilidhani habari imeishia hapo, na ilikuwa inanitosha. Baada ya matanga, watu walipokwisha kuondoka na makabati kurudi ndani, nilikwenda kumwona Mwalimu Editha. Nyumba ilikuwa kimya. Kitanda cha mzee kilikuwa kimetandikwa shuka safi, hakuna mtu wala paka. Alinipikia chai mwenyewe, akanimiminia, na aliponiletea nikaona ni katika kile kikombe cha bati. Kina mama walikuwa wamekiosha na kukirudisha pamoja na vingine. Nilikishika, chai haikunyweka.

"Najua watu wananihurumia," alisema. "Lakini kuna kitu kimoja kinanipa usingizi, Bwana Mifugo. Siku ile mzee amekata roho, kabla sijamwita mtu yeyote, nilimkuta Diwani kitandani, bado yuko chini ya mkono. Nikamchukua. Nikampa kisamaki chake, nikamchoma, nikafunika kikombe. Ndiyo nikatoka nje nikapiga yowe. Mwingine angesahau. Mimi sikumsahau."

Nilisema, "Kweli, Mwalimu. Hukumsahau."

Nikainywa ile chai yote. Alikipokea kikombe, akakisuuza, akaenda kukiweka kwenye rafu yake. Akakifunika.